Chaga na Mvungu: Historia ya Sehemu Moja ya Jiko

Maswali ya istilahi yanayotufikia si yote yanayohusu sheria, benki au udaktari. Mengine hutoka jikoni. Katika makala haya tunakusudia kulijadili mojawapo, ambalo kwa muda sasa limekuwa likirudi katika miswada ya wafasiri na katika barua za walimu: kile kifaa cha chuma au cha udongo, chenye pau au matundu, kinachotegwa ndani ya jiko ili moto ukae juu yake na chini yake pabaki wazi, kiitweje kwa Kiswahili sanifu?

Mfasiri aliyebanwa na wakati atasema kwamba hilo ni jambo la kufungua kamusi tu. Sivyo. Katika miswada tuliyoipitia tumekuta kifaa hicho kikiitwa wavu wa majivu, chekeche la majivu, chujio la majivu, na mahali pamoja sahani ya matundu. Majina matatu kati ya hayo manne yanamwambia msomaji kwamba kazi ya kifaa hicho ni kutenga majivu. Msomaji akiamini hivyo, ataiona nafasi iliyo chini yake kuwa ni ghala ya majivu, naye ataiacha ijae. Ikijaa, hewa haipiti. Moto hufifia, moshi hutanda jikoni, macho ya mpishi hujaa machozi, na mwisho wake kifaa hung'olewa na kutupwa nyuma ya nyumba kwa madai kwamba ndicho kilicholiharibu jiko. Kwa hiyo swali la jina limefungamana na swali jingine, ambalo mafundi na wapishi wamebishana juu yake kwa muda mrefu: je, jiko la kuni lahitaji kifaa hicho, au halikihitaji? Haiwezekani kukipa kitu jina la kufaa kabla ya kujua kilitoka wapi na kinafanya kazi gani.

Jambo hili lina uzito zaidi siku hizi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Mpaka lengo hilo lifikiwe, nyumba nyingi, hasa za vijijini, zitaendelea kupika kwa kuni, na vijitabu vya maelekezo ya majiko yanayopunguza kuni na moshi vitaendelea kuletwa kwa wafasiri. Afisa maendeleo ya jamii atakayekisoma kijitabu hicho mbele ya kikundi cha akina mama hana kingine cha kushika isipokuwa maneno tuliyompa.

Tuanze na meko ya kwetu. Neno jiko, kwa asili yake, wingi wake ni meko, kama vile jino na meno. Wingi wa pili, yaani majiko, kwa maoni yetu umepata nguvu baada ya jiko kuwa kitu cha kubebwa mkononi, cha bati au cha udongo, kinachonunuliwa sokoni. Ukisema meko, hata leo wengi huelewa mahali penyewe pa moto. Jiko pia ni chumba, na mwanamume aliyeoa husemwa kwamba amepata jiko, usemi ambao wanawake wa leo wana haki ya kuuhoji, lakini si katika kurasa hizi.

Meko ya mafiga, ambayo wengine huyaita mafya, yanajulikana kwa kila msomaji. Wahenga walisema jifya moja haliinjiki chungu, nao walikuwa wakiiangalia kazi ya mawe ya kukishika chungu. Lakini mawe yale matatu yana kazi ya pili ambayo methali haikuitaja: yanaacha mapengo matatu. Kuni huingizwa kwa ncha kupitia mapengo hayo, zikalaliana katikati, na hewa ikapita kando yake na chini yake. Mpishi akitaka moto mkali huzichochea ndani. Akitaka upungue huzivuta nje. Majivu yanayobaki si takataka. Humo huvumbikwa viazi na mihogo, na humo kaa la moto hufunikwa usiku ili asubuhi lichokorwe, lipulizwe, moto ukokwe upya bila kibiriti. Tazama wingi wa vitenzi tulivyo navyo: kukoka, kuchochea, kupuliza, kupepea, kupalia, kuvumbika, kuinjika, kuteleka, kuepua. Lugha yenye vitenzi hivi imeujua moto tangu zamani. Ila haikuwa na jina la kitu kinachokaa chini ya moto, kwa sababu chini ya moto hapakuwa na kitu ila ardhi na majivu.

Kwa nini moto wa kuni uliweza kuishi hivyo karne na karne bila chuma chochote chini yake? Jibu limo katika kuni zenyewe. Ukuni mkavu ukipashwa joto, kiasi cha robo tatu ya uzito wake au zaidi hutoka kama gesi, na gesi hizo zinapowaka ndizo tunazoziona kama ndimi za moto. Hewa inayohitajiwa na ndimi hizo ni ile ya pale juu zinapowakia. Kinachobaki baada ya gesi kwisha ni makaa, nayo huwaka kwa namna nyingine kabisa: huwaka usoni tu, taratibu, bila mwali mrefu, na yakirundikana yanahitaji hewa ipenye kati ya kipande na kipande kutoka chini. Majivu ya kuni nayo ni machache, kwa kawaida hayafiki kilo 2 kwa kila kilo 100 za kuni kavu. Makaa ya mawe ni kinyume chake. Mengi huacha kilo 5 hata 20 za majivu kwa kila kilo 100, tena mara nyingi majivu yaliyogandamana mabonge. Basi moto wa kuni waweza kukaa juu ya majivu yake wenyewe na kustawi, lakini rundo la mkaa au la makaa ya mawe likiwekwa sakafuni, pasipo hewa ya chini, hudhoofika.

Tofauti hiyo ndiyo ufunguo wa historia yote inayofuata, nayo huonekana wazi zaidi Uingereza. Huko nako watu walipika kwa kuni juu ya sakafu ya mawe. Katika nyumba zenye uwezo walitumia vyuma viwili vyenye miguu mifupi, ambavyo magogo yalilazwa juu yake ili yasilale chini kabisa. Wengine hawakuwa hata na hivyo. Katika karne ya 16, hasa enzi za Malkia Elizabeth I aliyetawala kuanzia 1558 hadi 1603, kuni zikawa ghali mjini London, na watu wakageukia makaa ya mawe yaliyoletwa kwa majahazi kutoka kaskazini mwa nchi. Mara wakagundua kwamba meko yao hayafai. Vipande vya makaa haviwezi kulazwa juu ya vyuma viwili kama magogo, huanguka kati. Vikilundikwa sakafuni havipati hewa. Ndipo mahunzi walipounganisha pau nyingi za chuma zikawa kama kikapu kilichoinuliwa kutoka chini. Kifaa tunachokitafutia jina kilienea kwa njia hiyo: kilikuja na makaa ya mawe, si na kuni. Baadaye, chuma cha kusubu kilipokuwa rahisi, hasa baada ya Abraham Darby kufanikiwa kuyeyusha chuma kwa makaa ya mawe yaliyookwa huko Coalbrookdale mwaka 1709, njia ilifunguka ya kukisubu kwa wingi, nacho kikawa kitu cha kawaida katika kila nyumba ya mjini.

Nchi zilizobaki na misitu yake hazikuona haja hiyo. Jiko kubwa la jadi la Kirusi, ambalo ndani yake mikate huokwa na juu yake wazee hulala, huwashiwa kuni juu ya sakafu yake bapa ya matofali. Norway, nchi ya baridi kali na magogo mengi, hata katika karne ya 20 iliendelea kutengeneza majiko ya chuma ya kupashia nyumba joto yasiyo na pau chini. Mojawapo mashuhuri ni Jøtul 118, lenye umbo refu jembamba: gogo huwaka kuanzia mlangoni kurudi nyuma, mfano wa sigara, juu ya majivu yake. Mwenye jiko la namna hiyo hukatazwa kuyazoa majivu yote. Huachwa tabaka la kuhifadhi makaa na kukinga chuma cha chini. Mpishi wa mafiga angelielewa agizo hilo mara moja.

Mtu mmoja ambaye maisha yake yanaonyesha vizuri njia hizo mbili ni Benjamin Franklin. Mwaka 1744, huko Pennsylvania kwenye kuni tele, alichapisha kijitabu cha kulieleza jiko lake la kupashia chumba joto kwa kuni. Baadaye akiishi London, katika mji wa makaa ya mawe, alibuni mwaka 1771 jiko jingine lililokusudiwa makaa hayo, na humo pau za chuma zikawa kiini cha kazi yote. Hatuna haja ya kurefusha habari zake. Yatosha kuona kwamba mbunifu ni yule yule, na kilichobadilika ni fueli.

Anayestahili kuangaliwa zaidi ni Benjamin Thompson, mzaliwa wa Massachusetts ambaye ulimwengu humjua kwa jina la Count Rumford. Huyu alimtumikia mtawala wa Bavaria, na kuanzia mwaka 1790 alisimamia mjini Munich nyumba ya kazi ya maskini, ambamo mamia ya watu walipaswa kulishwa kila siku kwa gharama ndogo. Fueli yake ilikuwa kuni. Rumford aliufungia moto ndani ya tofali, akauweka juu ya pau za chuma, na chini ya pau akaacha nafasi yenye mlango mdogo wa kurekebisha hewa: ukifunguliwa zaidi moto hukua, ukibanwa moto hutulia. Huyu basi ndiye aliyelishika wazo la kifaa kile na kulipa sababu katika moto wa kuni. Moto ulipokuwa wazi, hewa ilijiingilia ipendavyo kila upande. Ulipofungiwa ndani ya kuta, hapakuwa na mapengo tena, na ikabidi hewa ipewe mlango wake. Pau za Rumford hazikuwa za majivu. Zilikuwa za kuitawala hewa.

Hapa ndipo tunapokuta chanzo cha kosa linalotusumbua. Waingereza, pamoja na Rumford mwenyewe katika maandishi yake, waliiita ile nafasi ya chini shimo la majivu, na mlango wake mlango wa shimo la majivu, ilhali kazi waliyouwekea mlango huo ni kuingiza na kuzuia hewa. Jina lilifuata kile mtumishi wa nyumbani alichokiona kila asubuhi alipoinama na koleo lake, si kile fundi alichokikusudia. Mfasiri anayelifuata jina hilo neno kwa neno anarithi kosa la wenyewe, na kulileta kwa watu ambao hawakuwa nalo.

Katika nchi zetu kifaa hicho kilifika kwa njia zaidi ya moja. Watumishi wa reli walikijua ndani ya gari la moshi. Reli ya Uganda, iliyoanzwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, na Reli ya Kati iliyotoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, zote ziliwahi kuchoma kuni katika injini zake, na tanuri la injini lilikuwa na pau za chuma chini ya moto. Hilo lilikuwa jambo la mafundi. Kwa wapishi, kifaa kilikuja ndani ya majiko ya chuma ya kusubu, kama lile la aina ya Dover lililopatikana katika nyumba za walowezi na maofisa wa kikoloni. Lilikuwa jiko lenye pau na sinia la majivu, linalofuata umbo la majiko ya makaa ya mawe, lakini Nairobi na Arusha liliwashwa kwa kuni.

Njia iliyowafikia wananchi wengi zaidi ni ya mkaa. Jiko la bati, ambalo wazee wa pwani huliita seredani, ni bakuli la mkaa lenye matundu, na chini yake nafasi yenye kijimlango. Mafundi wa mijini wamelitengeneza kwa mabati ya madebe na mapipa tangu enzi za ukoloni. Yeyote aliyepika kwa jiko hilo anajua kwamba kijimlango cha chini ndicho chenye amri: ukikielekeza kwenye upepo mkaa hung'aa, ukikiziba wali hukauka taratibu. Hakuna mpishi wa mkaa aliyehitaji kufundishwa kwamba matundu yale ni ya hewa. Kwa hiyo ujuzi umo vichwani mwa watu tayari, na ni maandishi yetu yanayoupotosha.

Miaka ya 1980 ililiamsha jambo hili upya. Mnamo Agosti 1981 ulifanyika Nairobi mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu vyanzo vipya na jadidifu vya nishati. Katika miaka iliyofuata mafundi wa Kenya, wakijifunza kutokana na jiko la ndoo la Thailand, walitoa jiko la mkaa lenye ganda la bati lililobanwa kiunoni, na ndani yake udongo uliochomwa, wenye sakafu ya matundu pale penye kiuno. Jiko hilo lilipunguza matumizi ya mkaa kwa kiasi kinachokadiriwa kati ya asilimia 30 na 50 likilinganishwa na la bati tupu. Lilienea Afrika Mashariki, na Dar es Salaam lilifika mwishoni mwa miaka hiyo ya 1980 kwa jina la Jiko Bora.

Sasa lilinganishe hilo na jiko la kuni lililotolewa Kenya katika miaka ile ile, ambalo kwanza liliitwa Maendeleo na baadaye Upesi. Nalo ni kazi ya wafinyanzi, wengi wao wanawake wa magharibi ya nchi. Ni mviringo wa udongo uliochomwa, wenye mdomo wa kuingizia kuni na vishikio vitatu vya kuinjikia chungu, unaojengewa kwa matope papo hapo jikoni. Ndani yake hamna pau wala matundu ya chini. Kuni hulala sakafuni juu ya majivu, kama katika mafiga. Nchi moja, muongo mmoja, udongo wa namna moja, na jibu likawa ndiyo kwa mkaa na hapana kwa kuni. Hatuoni mfano ulio wazi kuliko huu kwa mwalimu anayetaka kulifafanua jambo hili darasani.

Lakini jibu la hapana halikuwa la mwisho. Guatemala, baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 1976, kulibuniwa jiko la mchanga na udongo lililoitwa Lorena, likaenezwa katika nchi nyingi. Lilikuwa zuri kwa macho, na bomba lake liliutoa moshi nje, lakini majaribio yalipofanywa lilionekana kula kuni nyingi kuliko moto wa mawe matatu, kwa kuwa ule udongo mwingi uliunyonya moto kabla ya chungu. Waliojifunza kutokana na hilo ni pamoja na Larry Winiarski wa kituo cha Aprovecho huko Oregon, Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alibuni jiko lenye njia ya moto iliyopinda kama kiwiko: vijiti vyembamba huingia kwa ubavuni, moto hupanda juu kwenye njia nyembamba yenye kuta zinazohifadhi joto, na gesi huwaka humo kabla ya kugusa chungu. Katika kijitabu cha kanuni kumi za majiko ya kuni kilichotolewa mwaka 2005, kanuni ya nane inaagiza kwamba kifaa chetu kiwekwe chini ya moto, tena kuni ziinuliwe juu ya kibao kwenye mdomo wa jiko ili hewa ipite chini yake.

Je, kanuni hiyo inapingana na jiko la Upesi na yale ya Norway? Kwa maoni yetu haipingani. Katika njia nyembamba namna ile, vijiti vikilala sakafuni huuziba mdomo wenyewe, na hewa inayopita juu yake hufika kwenye gesi ikiwa ya baridi, bila kuyagusa makaa. Vikiinuliwa, hewa hupita chini, hupenya makaani, hupata joto, ndipo ikutane na gesi. Kwa hiyo fundi wa Oregon amelirudishia jiko lililofungwa yale mapengo ambayo mafiga yalikuwa nayo bure. Masharti yake ni mawili. Nafasi kati ya pau zisiwe pana, la sivyo makaa mazima hudondoka kabla hayajawaka na joto lake hupotea. Na nafasi ya chini isafishwe, kwa sababu ikijaa majivu jiko huwa baya kuliko lisilokuwa na kifaa hicho kabisa. Hili sharti la pili ndilo linalovunjwa na majina tuliyoyataja mwanzoni.

Mfasiri basi, akilikuta neno hilo la kigeni, aulize kwanza fueli ni ipi na moto umefungiwa namna gani. Kijitabu cha jiko la mkaa kinaposema kwamba kifaa hicho ni cha lazima, kinasema kweli. Sentensi hiyo hiyo ikinakiliwa katika maelezo ya jiko la kuni la kupashia nyumba joto, ni uongo.

Tuje kwenye jina. Tumeyapima maneno kadhaa. Wavu ni kitu kilegevu, cha kamba au uzi, na umeshapata kazi uwanjani, baharini na madirishani. Hauchukui uzito wa kuni. Chekeche na chujio hubeba maana ya kutenga kizuri na kibaya, nayo ndiyo maana tunayoikimbia. Nondo ni jina la chuma kwa kipimo cha ujenzi, wala halifai kwa kifaa cha udongo. Chanja lilituvutia sana, kwa kuwa tayari liko karibu na moto: ni ile tandiko ya fito ambayo juu yake samaki na nyama hukaushwa. Ila chanja hukaa juu ya moto, na wafasiri wa mapishi wanalitumia kwa chuma cha kuchomea nyama. Katika jiko moja vyaweza kuwamo vyote viwili, kimoja juu na kimoja chini, na mpishi asijue aondoe kipi.

Neno tunalolipendekeza ni chaga. Kila anayelala kitandani anazijua chaga: mbao zilizolazwa kwa kuachana, zikichukua uzito wa godoro na kuacha nafasi kati ya ubao na ubao. Neno hili lina mambo matatu tuliyoyataka, yaani kubeba, kuachana, na kuwa na uwazi chini. Halisemi lolote juu ya majivu, halilazimishi chuma wala udongo, na halimtaji mkaa wala kuni. Msomaji wa Kilimanjaro atatuwia radhi; muktadha utatofautisha.

Faida kubwa zaidi ni kwamba chaga imekuja na mwenzake. Nafasi iliyo chini ya kitanda huitwa mvungu. Basi ile nafasi ambayo Waingereza waliiita shimo la majivu, sisi tuiite mvungu wa jiko. Mvungu ni mahali patupu kwa asili yake, mahali pa kufagiwa, na kitu kikirundikana humo kila mtu hujua kwamba kimekaa pasipo pake. Na kwa kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame, mpishi ameshaambiwa kazi yake ya asubuhi. Mlango wa mvungu uitwe mlango wa hewa, kwa sababu ndiyo kazi yake, hata kama majivu nayo hutolewa hapo. Pale palipo na chombo cha kuyapokea majivu, kiitwe sinia la majivu. Hapo jina la majivu ni haki, kwa maana sinia hilo halina kazi nyingine.

Katika upatanisho wa kisarufi twashauri chaga litumike bila kiambishi katika umoja na wingi: chaga hii ya jiko imeoza, chaga hizi za jiko zimeoza. Wako wanaosema uchaga katika umoja, lakini neno hilo lina maana nyingine ya jukwaa la kuhifadhia nafaka, na kuliacha na maana yake kutapunguza utata. Sentensi za mfano kwa waandishi wa vijitabu zaweza kuwa hizi: Safisha mvungu kila asubuhi kabla ya kukoka moto. Usipange kuni kwa kubanana juu ya chaga; acha hewa ipite. Jiko hili ni la kuni kubwa za kupashia nyumba joto, nalo halitumii chaga.

Limebaki jambo moja ambalo hatujalifikia uamuzi. Sakafu ya matundu ya jiko la udongo la mkaa si pau zilizoachana, bali ni kipande kimoja kilichotobolewa. Sisi twaona kwamba chaga ya udongo yatosha, kwa kuwa kazi ni ile ile. Baadhi ya wenzetu wanadai kwamba wafinyanzi wenyewe wapewe nafasi kwanza, maana huenda wanalo jina lao ambalo halijaingia katika kamusi yoyote. Dai hilo ni la haki. Walimu na maafisa walio karibu na wafinyanzi na mafundi wa majiko, Bara na Visiwani, wanaombwa kutuletea jina linalotumika kwao pamoja na mchoro mdogo wa kifaa chenyewe, na waonyeshe kama jiko hilo ni la mkaa au la kuni.